Shikamoo Juu ya Beseni

Jumatano, 13 Juni 1956. Asubuhi ukungu na upepo wa baridi; jua tumeliona saa nne.

Binti yetu wa miaka saba alikatwa kidole tumbo jana, hapa hospitali ya misheni, na tangu atoke chumba cha kupasulia hajakojoa. Tumbo la chini limekaza kama ngoma. Daktari alisema kibofu cha mtoto hugoma hivyo mara chache sana baada ya kupasuliwa, naye atangoja mpaka saa sita. Ikipita hapo atamwingizia mpira wa kutolea mkojo. Binti aliuona ule mpira kwenye trei, akanishika koti asiniachie.

Nesi akamkalisha kwenye beseni, mke wangu akamshika mgongo. Mara akaingia jirani yetu wa Ipogolo. Binti akataka kushuka apige goti, kidonda na yote.

"Shikamoo mama."

Marahaba, habari za nyumbani, mbuzi hawajambo, mahindi hayajambo. Alipotulia tu, akaingia mwingine. Walifika saba, kama sikukosea kuhesabu.

"Nani amemfundisha hivi?" nesi akauliza.

Ni mimi. Kwetu mtoto asiyemwamkia mkubwa hali chakula mpaka amwamkie. Sikudhani sheria yangu ingefika mpaka kwenye beseni, lakini sikusema iishie wapi, kwa hiyo kosa si la mtoto.

Saa tano na nusu nikatoka, nikafunga mlango, nikasimama pale kuwaamkia wageni kwa niaba yake. Akafika shangazi yangu na kapu.

"Unanizuia mimi? Mtoto amekuwa mkubwa siku hizi, haamkii watu?"

"Shangazi, shikamoo yake nakupa mimi. Yeye ana kazi."

"Kazi gani, mtoto wa miaka saba?"

"Kukojoa."

Akatua kapu. "Nyamazeni ninyi!" akawafokea watu wa barazani. Haki yao niiandike: walikuwa wamenyamaza, kelele zilikuwa zake.

Tukatega masikio wote. Kwanza matone, halafu kama mvua kwenye bati. Shangazi akapiga vigelegele hata daktari akaja mbio, mpira mkononi, akidhani kuna msiba.

Nesi anasema dawa ilikuwa maji ya vuguvugu aliyommwagia. Huenda, sikuwa ndani, siwezi kubisha. Mke wangu, aliyekuwa ndani, anasema ni mlango. Nimeandika yote mawili.

Jioni tumekula ugali na kuku wa shangazi kwenye jiko la wauguzaji. Binti kanywa uji mwepesi, vikombe viwili.