Nekesa Hakukataa Jaketi

Bado haijaniingia kichwani. Ni wiki moja tangu tumzike Nekesa, na leo sina machozi, nina hasira tu.

Wengi wenu mlimjua kama msichana wa Mama Nekesa, yule anayekaanga samaki pale stage ya Kawangware 46. Mimi nilimjua kazini. Miaka mitatu tulikuwa kwenye project moja ya carp, yule samaki wa kigeni ambaye akiingia mtoni anajaa kila mahali na kuwamaliza samaki wa kienyeji. Kazi yetu ilikuwa kujua anataga lini, na mayai mangapi.

Mimi nilikuwa na contract. Yeye, miaka yote mitatu, casual, kibarua wa kulipwa kwa siku.

Bosi wetu ilikuwa lazima ampasue samaki ndipo ajue kama mayai yameiva. Nekesa alibonyeza tumbo kwa kidole gumba tu, vile alivyozoea kwenye meza ya mamake. "Huyu bado. Huyu ameiva." Sikumbuki siku aliyokosea. Ripoti ziliandikwa bila jina lake.

Ni yeye aliyetuonyesha kwamba carp jike hungoja mto ufurike. Maji yakifunika nyasi za kando, anaingia humo kwenye maji ya magoti, anataga, na mayai yananata kwenye majani. Ukichelewa, unapata tumbo tupu. Ukimtaka akiwa ameiva, lazima uende maji yakiwa bado yanapanda.

Mmeona hapo? Alichotufundisha ndicho kilichompeleka mtoni.

Siku ya kutoka Nairobi kwenda mto Tana, bosi aliniambia nitoe life jackets kwenye gari ili cool box za kuwekea samaki zitoshe. Nikatoa. Zikabaki mbili, na sisi tulikuwa watatu.

Tulipofika, mto ulikuwa umevuka kingo. Nekesa akasema, "Boss, wacha tungoje kesho. Hii maji si poa." Akajibiwa kwamba kesho mayai hayatakuwepo, na si ni yeye aliyesema hivyo?

Bosi akavaa jaketi moja. Ya pili nikavaa mimi. Hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuuliza. Nekesa ndiye aliyenifunga kamba zake, akanicheka eti nimefura nakaa kama mandazi.

Mtumbwi tuliopanda uligonga kisiki katikati ya maji, ukapinduka.

Jana ofisi iliniletea ripoti nisaini. Inasema casual mmoja alikataa kuvaa life jacket. Casual mmoja! Hata jina wameshindwa kuandika.

Nilitoka kwangu Sarang'ombe na hiyo karatasi hadi kwa Mama Nekesa. Nikamwambia yote, pamoja na makosa yangu. Aligeuza samaki kwenye karai, kisha akaniuliza, "Sasa wewe utaandika nini?"

Nimeandika hii, Mama. Wakinifuta kazi, wanifute.

Nekesa, sijasaini na sitasaini. Pumzika, dada yangu. Hukukataa jaketi. Nilikuwa nimeivaa mimi.