Ndoo ya Maji Golini

Kabla ya kila mechi ya nyumbani, mwenyekiti wa mashabiki wetu alimwaga ndoo moja ya maji katikati ya goli la kaskazini. Alikuwa mama muuza dagaa sokoni, na mji mzima ulimwita Mama wa Ndoo. Maji yakituama, tulijua siku itakuwa ngumu. Yakinywewa haraka, tulipeana mikono, kwa sababu ardhi imepokea.

Mimi nilikuwa golikipa, kwa hiyo nilisimama palepale alipomwaga. Msimu ninaousimulia ardhi ilikuwa na kiu isiyo ya kawaida. Mwanzoni mwa ligi ungeweza kuhesabu taratibu hadi ishirini kabla maji hayajaisha. Kufikia katikati ya msimu yalitoweka kabla mama hajaweka ndoo chini, na ikabaki sauti ndogo, kama ya mtu anayemeza. Tulifurahi sana.

Kwa asiyeujua mji wetu, nieleze kidogo. Uwanja uko kando ya njia ya kwenda Rwamgasa, na kuuzunguka kuna maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Duara huanza kama kisima, mtu anashuka kwa kamba. Lakini huko chini halibaki kisima. Mchimbaji anaufuata mwamba wenye dhahabu popote unakoelekea, na mwamba haujali mpaka wa shamba la mtu wala mstari wa goli.

Kocha wetu msimu huo alikuwa Mpolandi. Alizaliwa katika mji wa makaa ya mawe, baba yake akiwa mchimbaji, na mama yake alimwapisha kwamba hatashuka shimoni kamwe. Katika mji ule, ukiondoa shimo, kilichobaki ni mpira. Akacheza beki wa kati miaka mingi, mpaka goti likamkatalia. Akageukia ukocha, akafukuzwa na timu ndogondogo moja baada ya nyingine, kwa sababu alikuwa akiwaambia viongozi mambo wasiyotaka kuyasikia. Hayo alinisimulia mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria Kiingereza chake. Kwetu alifika na begi moja. Neno la kwanza alilojifunza ni shikamoo, akamwamkia nalo kila mtu, hata mfua jezi aliyekuwa mdogo kuliko wachezaji wote, na yule akaitikia marahaba bila aibu.

Alasiri moja mazoezini alisimama ghafla golini kwangu. Akagonga ardhi kwa kisigino, akasogea hatua moja, akagonga tena, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kisha akalala kifudifudi, sikio chini.

"Mwalimu kalala," mshambuliaji wetu akasema. "Tumfunike?"

Wakacheka. Yeye akaniita kwa mkono. Nikalala pembeni yake. Mwanzoni nilisikia damu yangu tu. Baadaye nikasikia kitu kikigonga: mara tatu, kimya, mara moja. Tena mara tatu, kimya, mara moja.

"Ni wachimbaji, mwalimu," nikamwambia. "Huku wako kila mahali."

"Wachimbaji wanaochimba hawapumziki hivyo," akasema.

Ndipo akanieleza kwamba alipokuwa mdogo, zamu ya baba yake haikupanda juu. Watu walitega masikio kwenye bomba lililoshuka shimoni, wakasikia kugonga kama kule.

"Waliwatoa?"

"Walisikia mpaka wakaacha kusikia." Akajikung'uta vumbi magotini. "Maisha yangu yote nimelikimbia shimo. Mpira umenileta juu ya jingine."

Aliwaomba viongozi tuhamie uwanja mwingine. Wakakataa. Kwenye goli la kaskazini tulikuwa hatujafungwa miezi mingi, na wao waliamini sababu yake ni ndoo. Ikabaki mechi ya mwisho, dhidi ya timu kutoka upande wa Ushirombo. Tukishinda, tunabaki kwenye ligi. Tusiposhinda, tunashuka, na kocha anafungashiwa virago.

Siku hiyo jua lilikuwa la utosi wakati Mama wa Ndoo alipoingia uwanjani na ndoo yake kichwani. Kocha akamfuata, nami nikafuata kutafsiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mzungu wetu."

"Nakuomba kitu kimoja. Ukishamwaga, ulale usikilize."

"Nilale chini na kitenge kipya? Mwambie mke mwenzangu, ndiye anayelala chini." Watu walio karibu wakacheka. Kocha akavua koti lake akalitandika.

Mama akamwaga. Safari hii hatukusikia kumeza. Maji yalikwenda, pakawa kimya, na baada ya muda mrefu kuliko nilivyotegemea tukayasikia yakitua mahali fulani, chini sana. Mama akanitazama. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye koti.

Alipoinuka hakuwa na utani tena. "Kuna watu," akasema. "Wanagonga."

Alikuwa na wana wawili wachimbaji. Akawaita kwa sauti, nao wakaitikia wakiwa kwenye kamba ya watazamaji. Akawaita wasimamizi wa maduara yote ya jirani, mmoja mmoja, na wote walikuwepo kwa ajili ya mechi. Kila mmoja akahesabu watu wake. Wote walikuwa wamepanda juu tangu asubuhi. Chini hakukuwa na mtu.

Mama akainama tena. "Mayu," akanong'ona, Kisukuma cha kumwita mama yake. "Bado wanagonga."

Kiongozi mmoja akaja mbio. "Mama, Mzungu amekuroga? Golikipa, ingia golini. Refa anasubiri."

Nilizitazama nyavu zangu, na ule udongo uliokuwa tayari umekauka. Nikavua glovu, nikaziweka ndani ya ndoo.

"Ndoo ni yangu," Mama akamwambia kiongozi, "na leo ardhi haijapokea." Akatembea nayo hadi katikati ya uwanja, akakaa chini, na mashabiki wakaenda kukaa naye. Mechi haikuchezwa. Wageni wakapewa pointi, sisi tukashuka daraja, na Jumatatu kocha akapanda basi la Mwanza. Alimwamkia kondakta shikamoo. Kwa miezi kadhaa watu walinizomea sokoni, kwa sababu uwanja ulikuwa umesimama vilevile.

Masika ilipokolea, asubuhi moja goli la kaskazini halikuwepo. Milingoti, nyavu na eneo lote la hatari vilikuwa vimezama. Wachimbaji walioshuka kwa kamba walikuta njia ya uchimbaji ya zamani sana, magogo ya kuegemeza paa lake yakiwa meusi kwa uzee. Hawakukuta kifaa wala unyayo.

Nilimtumia kocha picha. Akajibu kwa swali moja: nani alikuwa amesimama pale?

Niliandika: hakuna mtu. Nikafuta. Nikaandika tena: juu, hakuna mtu.