Wimbo ya Dume Ndani ya Kanisa

Hapana, mimi si mtu ya kwaya. Sauti yangu ni ya kuita mbuzi, hata padre anajua. Nilikuwa naenda mazoezi yao hapa Kakuma kukaa tu kwa benchi ya nyuma, nisikie, kisha nirudi nyumbani niwaigize wote. Wasichana wa sauti ya kwanza: "Iii, iii," kama mlango ya bati. Wanaume wa chini: "Mmmuu," kama pipa inaviringishwa kwa mawe.

Mwalimu yao ni Mkongo, kijana mwembamba, shati amefunga mpaka kooni na jua hii yetu. Siku moja akanifuata nje. "Mama, minaomba. Tunaenda kuimba Lodwar mbele ya askofu, na kwaya ya kule banatucheka, eti nyimbo zetu zote ni za kuazima. Minataka wimbo wa zamani, wa hapa hapa. Banasema ndugu yako eko nao."

Anayo, ndio. Kwetu kila mwanaume ana dume yake ya ng'ombe ya kupenda, na wimbo ya hiyo dume ni yake peke yake. Huwezi kuiimba kama hajakupa. Ya ndugu yangu ilikuwa nyeupe, shingo nyeusi, pembe moja inaangalia mbele, ingine nyuma. Kiangazi ikaiua. Tangu hapo hajaiimba tena.

Nikapeleka mwalimu mpaka kwa ndugu yangu Lopur, na tumbako ya zawadi. Akatafuna, akaangalia ile shati.

"Ejok," akatusalimia. "Na huyu, nani amemfunga kamba ya shingo?"

Tukacheka. Kisha, sijui ni nini ilimgusa, akainua mikono juu, moja mbele moja nyuma, kama zile pembe, akaimba. Mwalimu akashika yote kwa simu. Nafikiri hata hakupumua.

"Nimewapa," ndugu yangu akasema. "Lakini niisikie kabla ya Lodwar. Nikikataa, imekataliwa."

Sasa mimi nilitaka kuona. Koo moja ya mzee inaingiaje kwa watu wengi hivyo? Sikukosa mazoezi. Yule mwalimu alikata wimbo kama mtu anagawa mbuzi: wasichana wakapewa kichwa, wamama shingo, vijana mbavu, wale wa pipa mgongo. Kila kipande peke yake ilikuwa takataka. Wakiunganisha, wee, ngozi yangu ilisimama. Dume ilikuwa inatembea ndani ya kanisa, na ilikuwa kubwa kuliko ile nilijua.

Jumamosi moja ndugu yangu akaja, akakaa kwa kigoda yake hapo katikati. Wakaanza midomo imefungwa, wanavuma tu. Mikono yake ikapanda, pembe ya mbele, pembe ya nyuma. Mwalimu akaona, macho ikajaa maji. Kisha midomo ikafunguka, maneno ikaingia, na mikono ya mzee ikaanza kushuka polepole.

"Hapo wanasema nini?"

"'Bwana utuhurumie,' mzee. Tunaomba Mungu huruma."

"Kwa wimbo yangu?"

"Ndiyo, mzee. Kwa wimbo yako."

Akasimama, akaokota kigoda. Hakukasirika. Aliangalia mwalimu vile unaangalia mtoto ya mtu mwingine.

"Dume yangu haijawahi kuomba mtu huruma."