Fahali Aliyerudishwa Mlangoni Kibokoni

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Hivyo ndivyo Sidi Ngowa anavyoisema methali hiyo siku hizi, wala haisemi kwa mzaha.

Saa kumi na mbili asubuhi, katika ua wa nyumba kongwe ya Kibokoni, Mji wa Kale, amechuchumaa mbele ya mbuzi mweusi aitwaye Kaimati. Hamkami bado. Amemshika taya, anamgeuza kwenye mwanga, anamtazama pua na macho. Hakuna kamasi, hakuna machozi. Anamwachia na kumfuata wa pili. Mbuzi ni ishirini na wawili, na hapana ndoo itakayoguswa kabla ya pua ya mwisho.

"Wenzangu huamka wakajuliana hali," asema. "Mimi naanza na pua."

Sidi, mwenye umri wa miaka 43, ni mzaliwa wa Kaloleni na ameajiriwa na Bi Ummukulthum kutunza mbuzi wa maziwa kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Hulipwa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi, na lita moja ya maziwa kila siku, anayoivusha Feri kwenda kwa wanawe Likoni.

Nyumba hii ina desturi yake. Mnyama yeyote aletwaye kwa Idd au arusi hufungwa uani pamoja na mbuzi, na hunyweshwa kwanza, kwenye karai la wenyeji. Mbuzi hunywa nyuma yake. Wanyama nao wana heshima zao, husema Bi Ummukulthum, na mgeni asiyekaribishwa maji hatakaa kwa amani.

Mwaka jana, siku tisa kabla ya Idd ya kuchinja, aliletwa mtamba wa ng'ombe kutoka bara. Alikuwa amesafiri kwa lori siku mbili, amechoka, lakini manyoya yaking'aa. Sidi alimshikia karai mwenyewe.

Idd ilipita, nyama ikagawiwa. Wiki hiyo hiyo mbuzi wakaanza mafua. Macho yakachuruzika, maziwa yakashuka kutoka lita kumi na nane hadi saba. Kisha mbuzi wanne wakatupa mimba. Mtaani wakasema ni jicho la hasidi, na Bi Ummukulthum akafukiza ubani ua mzima. Sidi alishuku majani ya mkokoteni, akagombana na muuzaji wake bure.

Aliyewafumbua macho ni Daktari Odera, daktari wa mifugo, aliyetoa damu ya mbuzi na kuipeleka maabara. Majibu yalionyesha virusi vya ng'ombe, vya jamii ya herpesi. Haviwapati watu, alieleza, lakini ni binamu wa vile vinavyomtoa mtu malengelenge mdomoni baada ya homa. Vikishamwingia ng'ombe, havitoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu vikalala, na mnyama akionekana mzima kabisa. Akichoshwa na safari au kiu, virusi huamka, vikatoka na kamasi na mate.

Tena si lazima vibaki kwa ng'ombe. Huweza kumwingia mbuzi, hata kondoo. Mara nyingi humgusa kidogo tu, alisema daktari, lakini si kila mara. Yule mtamba alikuwa amekwisha kuliwa, kwa hiyo hakuweza kuapa kuwa ndiye. Aliuliza tu walinywea wapi.

"Aliponiuliza, nilitazama mikono yangu," asema Sidi. "Mimi ndiye niliyelishika karai. Nilimwomba radhi Bi Mkubwa siku ile ile, na vile vitoto nilivizika mwenyewe."

Ndipo mwezi huu, Bi Nasiha, mdogo wake Bi Ummukulthum, akaleta fahali wa arusi ya bintiye. Fahali alifika asubuhi, ulimi nje, na kamba ikivutwa na wanaume watatu. Uani mlikuwa na mbuzi saba wenye mimba. Sidi alifunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

Kichochoro kilijaa watu. Mmoja aliuliza kama siku hizi ng'ombe huombwa pasi ya kusafiria. Bi Nasiha hakucheka. Fahali akaishia kwenye ua wa Ronald, muuza makaa wa Mwembe Tayari, na arusini ikasimuliwa kwamba mjakazi wa mbuzi amemfukuza mgeni. Nyama, kwa taarifa ya walioila, ilikuwa nzuri mno.

Je, fahali yule alikuwa na virusi?

"Sijui," asema Sidi. "Na sikutaka kujulia kwa mbuzi."

Anachotaka ni ghala tupu lililo ng'ambo ya kichochoro. Liwe chumba cha wageni wa miguu minne, lenye karai lake na kamba yake, na atakayeingia asichanganywe na mbuzi kamwe, hata awe mzuri vipi. Mbao amekwisha kuzipata kwa Ronald.

Lakini kwanza kuna suala la Ijumaa. Bi Nasiha ametaka siku hiyo aombwe radhi mbele ya watu, ama Sidi atafutiwe mtu wa kushika kazi badala yake. Bi Ummukulthum, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, anashuka uani asubuhi hii akiwa na buibui mkononi.

"Mwanangu, nyumba hii haijapata kumrudisha mgeni tangu enzi za babangu," asema taratibu. "Neno moja tu, litakupunguza nini?"

Sidi amefika kwa mbuzi wa mwisho. Anamgeuza kwenye mwanga, anamtazama pua, anamwachia. Ndipo anaivuta ndoo.

"La mtamba nilikosa, Bi Mkubwa, na radhi nilikuomba. La fahali sikukosa. Nenda kamwambie Bi Nasiha namsalimu sana, na radhi siombi."