Kikohozi cha Sheikh Allaoua

Kwetu Konstantini, Aljeria, masheikh wa muziki wa zamani walikuwa wachoyo. Mwanafunzi alifundishwa nyimbo kumi akafichwa mmoja, asije akampiku mwalimu wake. Sheikh Allaoua alificha wimbo mmoja mrefu wa machweo, akafa nao. Mji mzima ulilia, na nasema wazi kwamba wengine waliulilia wimbo tu.

Lakini mjane wake, Lalla Zleikha, alikuwa ameusikia miaka thelathini kupitia ukuta wa jikoni. Aliujua wote. Ila mume alikuwa amemwapisha asiutoe.

Alasiri, tukitoka shule, alitufundisha watoto sita nyimbo nyingine za zamani, bila karatasi, kwa kusikia tu. Nilikuwa na miaka tisa na kigugumizi kibaya. Darasani sikuthubutu kunyoosha mkono. Nikiimba, ulimi ulifunguka. Nikirudi kwenye maneno ya kawaida, Nazim, mmoja wa wale sita, alikuwa tayari kunidhihaki.

"Rym, ukifika mwisho wa sentensi utuamshe. Tutakuwa tumeshaoa."

"Nazim mwanangu, wewe unasema haraka na husemi kitu," Lalla akamjibu. "Shika tari."

Alikuwa na sharti moja. "Sema ulichosikia, si unachotaka kusikia. Anayenidanganya, mpira uko nje, akacheze." Alitufumbisha macho, akapiga udi, tutaje uzi uliolegea. Nilizoea hivyo hata nikawa namjua mama amechoka kwa jinsi anavyofungua mlango. Shule haikuwahi kunifunza kitu kama hicho.

Majira ya baridi alianza kutufundisha wimbo uliofichwa, licha ya kiapo. Sehemu mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu alikatiza, akautazama mlango wa chumba cha nyuma, ambao haukuwa umefunguliwa tangu msiba.

"Mnasikia? Anakohoa. Hataki."

Niite mwongo ukipenda, lakini nilisikia: kikohozi kikavu cha mvuta tumbaku. Nazim, bingwa wa kejeli, alijisogeza hadi bega lake likanigusa. Ikawa hivyo kila siku. Tukifika sehemu ya tatu, kikohozi, na Lalla ananyamaza. Wakati mwingine nilimwona akitabasamu kidogo kabla ya kunyamaza.

Kisha daktari akamwambia moyo wake umechoka. Siku ya pili yake alitukalisha karibu.

"Nikifa nao, Mungu ataniuliza habari zenu, si zake. Leo hatusimami."

Aliimba. Kikohozi kikaja, kikali kuliko siku zote. Hakusimama. Mstari kwa mstari tulimfuata hadi mwisho. Tukaurudia mara tatu, ukatuingia wote.

Nyumba ikatulia. Lalla aliuelekeza uso wake mlangoni, akangoja. Alingoja sana.

"Rym," akasema, "wewe una sikio. Bado yupo?"

Nilisikiliza. Nazim alinifinya. "Sema ndiyo, mjinga wewe!" akaninong'oneza. Na nilitaka, wallahi nilitaka.

"Hayupo, Lalla. Hakuna mtu mle ndani."

Ilitoka moja kwa moja, bila kukwama popote. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu, na hakuna aliyenipongeza.

Lalla aliitikia kwa kichwa. Akainuka, akakifungua kile chumba, akaanza kukunja matandiko ya mumewe.