Ndiyo ya Alden Whitcomb

Kaka yangu Normand Bolduc ni fundi wa matanuru ya kupasha nyumba joto, na katika mji wetu mdogo wa New Hampshire hakuna nyumba ambayo hajashuka chini yake na tochi mdomoni. Hiyo ndiyo kazi yake halali. Ile nyingine, ambayo hakuna mtu aliyemtuma, ni kuandika Facebook. Ukurasa wake unaitwa "Mfuko Wangu Usiuguse", na una wafuasi wengi kuliko watu wa mji mzima. Mimi ni dada yake mkubwa, Jeannine. Nina mgahawa wa kifungua kinywa karibu na posta, na kila asubuhi yeye hukaa pale kwenye kaunta na maharage yake na mayai, anabonyeza simu huku chakula kinapoa.

Nieleweke mapema. Mimi ni mhafidhina, tena kumzidi yeye. Mezani kwa mama yetu, kodi ilisemwa kwa sauti ile ile ya kusema ugonjwa, na sijabadilika. Siasa za kaka yangu hazijanichosha hata siku moja. Kilichonichosha ni kidole chake.

Alianza alipofiwa na mkewe, Paulette. Zamani alikuwa akigombana na televisheni jioni, na Paulette anafuma soksi na kuitikia "eeh, ni kweli, Norm", bila kusikiliza. Alipoondoka Paulette, ule ugomvi ukakosa mtu wa kuuitikia, ndipo akafungua ukurasa. Na mwanzoni, kusema kweli, alikuwa mzuri. Alisoma miswada yote iliyopelekwa kwenye bunge la jimbo kule Concord, mpaka ile ya leseni za mbwa, akaifafanua kwa lugha ambayo hata mteja wangu aliyekomea darasa la sita aliielewa.

Yeye ndiye aliyetufundisha habari ya "haifai". Kule Concord kamati ikiuchukia mswada, haisemi "tuukatae". Inaleta hoja kwamba mswada huo haufai kuwa sheria, halafu bunge zima linapigia kura hoja hiyo. Kwa hiyo anayebonyeza ndiyo anauua mswada, na anayebonyeza hapana anauokoa. Wageni huchanganyikiwa kila mwaka. Norm aliandika: "Jamani, kabla hujamtukana mtu, tazama kwanza hoja ni ipi." Maneno yake hayo, kwa mkono wake.

Sasa, ile makala ya "haifai" waliipenda watu kumi na moja, mimi nikiwemo. Wiki iliyofuata akamwita mbunge mmoja wa kaskazini "Republican wa jina tu", yaani msaliti wa chama chetu, bila maelezo yoyote, na watu wakamiminika. Wakaanza kumwita Kamanda. Nikaona uso wake siku ile, nikajua tumempoteza. Makala zikawa fupi, herufi zikawa kubwa, na kila asubuhi palikuwa na msaliti mpya.

Alden Whitcomb ndiye mbunge wetu. Ana shamba la matofaa juu ya kilima, anazungumza polepole, na huenda Concord kwa malipo yasiyotosha hata mafuta ya gari. Alisimama na Norm siku ya harusi yake, na ndiye baba wa ubatizo wa binti wa Norm, Celeste. Kila kampeni anakula kiapo kile kile mbele yetu, kwamba hataunga mkono kodi ya mapato maishani mwake. Hapa kwetu mtu anaweza kusamehewa kumwacha mke. Kodi ya mapato, ambayo jimbo letu halina, hasamehewi.

Mwezi Machi, theluji ikiwa bado imerundikana barabarani, mfuasi mmoja akamtumia Norm picha. Ilikuwa ni ubao wa kura wa bunge, ule wa taa, siku ya mswada wa kodi ya mapato. Picha ilikuwa imekatwa juu ili majina yasomeke. Whitcomb, taa ya kijani. Ndiyo.

Norm alikuwa hapo hapo kwenye kaunta yangu. Nilimwona shingo inageuka nyekundu. Nikamwuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Alden ametuuza." Nikasema, "Mpigie basi, umwulize." Akasema, "Nimwulize nini, dada? Taa hii hapa." Na kidole kikashuka. ALDEN WHITCOMB AMEPIGA NDIYO KWENYE KODI YA MAPATO. REPUBLICAN WA JINA TU. SEPTEMBA TUTAKUMBUKANA. Hata kahawa hakuimaliza.

Kesho yake Alden akaingia mgahawani, akavua kofia, akaketi kiti cha pili kutoka kwa Norm. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Norm, ile hoja ilikuwa ya 'haifai'."

"Hoja ipi?"

"Ya kodi. Nilibonyeza ndiyo ili ife. Na imekufa. Wote wa upande wetu walibonyeza ndiyo."

Norm alikuwa na maharage mdomoni. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Picha ilikatwa pale juu penye hoja," akasema.

"Nimeona."

"Aliyeikata ni mtu mwingine."

"Wewe ndiye uliyetufundisha kuangalia, bwana," Alden akasema. "Mimi mwenyewe nimejifunza kwako."

Nilitamani kumtwanga kaka yangu na kikaango. Badala yake nikamwekea Alden kahawa, na Norm akasema atarekebisha, leo hii hii, kabla hajaenda kazini. Alden akasema hilo linatosha. Maskini, aliamini kweli linatosha.

Norm alirekebisha. Sitamnyima haki yake. Aliandika kwa urefu, akaeleza hoja, akaweka picha nzima isiyokatwa, akasema, "Nimekosea, namwomba Alden radhi." Wakaipenda watu tisa. Ya kwanza ilikuwa imeshafika wilaya tatu. Akaifuta. Hapo ndipo akaharibu zaidi, kwa sababu watu walikuwa wameshaihifadhi, na sasa wakauliza kwa nini imefutwa.

"Kamanda, wamekutisha?"

"Kamanda, wamekupa ngapi?"

"Ndiyo ni ndiyo. Mnatuona wajinga?"

Akawajibu mmoja mmoja. Kaka yangu, anayelala saa tatu na kuamka na kuku, akaanza kuja na macho mekundu. Nikamwambia, "Norm, waache." Akanijibu, "Nikiwaacha, ndio wanamla Alden." Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemwandalia mezani." Akachukua kofia yake akaondoka, na mimi sikumwomba msamaha. Nilikuwa na hasira naye na bado ninayo kidogo.

Mwezi Juni Trent Marchetti akajiandikisha kugombea kiti cha Alden katika mchujo wa chama wa Septemba, pale wanachama wanapochagua nani awe mgombea wao. Trent alihamia huku kutoka Massachusetts juzi juzi tu, akanunua nyumba kubwa kando ya ziwa, na tangu hapo anatuelekeza namna ya kuwa watu wa New Hampshire. Karatasi zake za kampeni zikaingia kila sanduku la barua. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, yalikuwa maneno ya kaka yangu, na chini yake: "Hayo si yangu. Ni ya Normand Bolduc, anayemjua vizuri."

Norm akamfuata Jumamosi kwenye jaa la mji, ambako sote hupeleka takataka na ambako wagombea wote husimama kupeana mikono na watu. Nilikuwa napanga chupa zangu, nikasikia kila kitu.

"Bwana Marchetti, yale maneno niliyakanusha. Yatoe."

"Niliona ulivyokanusha, mzee wangu."

"Basi?"

"Basi yale ya kwanza uliyaandika vizuri zaidi." Akatabasamu, akamshika bega. "Una kipaji, Norm. Usikionee haya."

Majira yote ya joto kaka yangu akawa mtu wa nyumba kwa nyumba. Akiitwa kusafisha tanuru, anaeleza "haifai" akiwa amelala chali chini ya bomba. Wenye nyumba wakamsikiliza kwa adabu, wakamlipa, wakampa na keki. Wengine wakamwambia, "Kumbe! Sikujua." Akarudi kwangu na matumaini, akasema, "Dada, wanaelewa. Ukikaa nao wanaelewa." Nikatamani iwe hivyo.

Siku ya mchujo, mwezi Septemba, akafunga karakana. Akaenda ukumbi wa mji asubuhi na mapema, akasimama nyuma ya kamba pamoja na washika mabango wengine, ameshika bango la Alden kwa mikono miwili. Alden mwenyewe alisimama pembeni yake. Trent alikuwa upande wa pili na vijana wenye fulana mpya. Nikawapelekea kahawa na mikate ya mdalasini saa za kupumzika, ndiyo maana nilikuwapo.

Watu waliokuwa wakipita walimpungia Norm. Mmoja akamwonyesha dole gumba, akasema, "Safi, Kamanda!" Norm akainua bango juu zaidi. Mwingine akapiga honi. Nikaona anachangamka, mara ya kwanza tangu Machi.

Ndipo akatoka Bi Hortense Ouellette, mwenye fimbo yake, ambaye Norm humtengenezea tanuru na hamtozi. Akaja moja kwa moja hadi kwenye kamba.

"Normand, mwanangu, nimefanya ulivyosema."

"Asante, mama. Asante sana."

"Yule wa kodi nimemtoa."

Norm akamtazama. "Mama, yupi wa kodi?"

"Si yule uliyetuandikia? Whitcomb."

"Mama, nimeshika bango lake."

Bi Hortense akalisoma bango taratibu, herufi kwa herufi. "Nimeliona," akasema. "Nikajua ni ile dhihaka yako. Wewe tangu utoto mcheshi." Akampapasa shavu, akaenda zake kwenye gari.

Alden alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Akaweka kikombe changu juu ya ukuta, akanyoosha mkono.

"Norm, nipe hilo bango."

"Sijachoka."

"Sijasema umechoka. Kila anayekuona anakumbuka kodi. Nenda nyumbani, bwana."

"Alden. Unajua sikukusudia."

"Najua," Alden akasema. "Ungekuwa umekusudia, ningejua la kukujibu."

Norm akampa bango. Nikamrudisha na gari langu, na njia nzima alitazama dirishani, ingawa ni barabara aliyopita maisha yake yote.

Alden alishindwa kwa kura chache kuliko viti vya mgahawa wangu. Amerudi kwenye matofaa yake, na Celeste ndiye anayempigia simu siku hizi, baba yake hapigi. Asubuhi baada ya mchujo Norm alikuja, akakaa, sikumwuliza anakula nini. Simu yake ilikuwa inalia juu ya kaunta bila kukoma, hongera baada ya hongera, Kamanda tumemng'oa, Kamanda tumeshinda. Akaisukuma kwangu polepole mpaka ikagusa sahani.

"Nisomee, dada. Labda kuna hata mmoja aliyeelewa."

Nikamwambia sina miwani. Nilikuwa nimeivaa.