Gari la Fuadi na Maji ya Kisima

Asubuhi ile tuliyomsindikiza mama kwenda Hija, mwanangu, naiona bado kama ya juzi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami kijana nikisomesha Kurani hapo mtaani kwetu Kuze. Mama alikuwa ameingoja safari ile tangu ujana wake, na ndege haimngoji mtu.

Binamu yangu Fuadi, mtoto wa dada yake mama, ndiyo maana akimwita Khalati, aliomba yeye ndiye ampeleke uwanja wa ndege, apate thawabu. Alikuwa na gari dogo jekundu la milango miwili, lililotumika Dubai kabla ya kufika kwetu. Lilikuwa jepesi, lenye mbio, naye alilipenda kweli. Kila siku alilisugua hadi ukaweza kujitazamia kofia ubavuni mwake. Ila mshale wa joto la injini ulikuwa na tabia ya kupanda, na kila ulipopanda Fuadi alichota maji katika kisima cha msikiti akayamimina kwenye rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Nawe wayajua maji ya visima vyetu: twatawadha nayo, twaoshea, lakini yana chumvi. Hakuna aliyemkataza. Tulikuwa tumeyazoea.

Majirani walituaga kwa dua na machozi. Gari likaenda uzuri, upepo wa mwendo ukilipooza. Tulipofika Makupa, penye njia ya kutokea kisiwani, malori yalikuwa yameziba njia. Tukasimama, na mshale ukaanza kupanda.

"Fuadi, harufu ya nini hiyo?" mama akauliza.

"Ya malori, Khalati."

"Malori hayapiki. Weka kando."

Kabla hajazima vyema, mvuke ukafoka chini ya boneti. Fuadi akarukia kitambaa afungue kifuniko cha rejeta.

"Wacha!" mama akamaka. "Wataka kuungua uso, nani atakubali kuolewa nawe?"

Ikabidi tungoje lipoe, na saa zinakwenda. Nikasimama barabarani nikipunga mkono. Pikapu iliyojaa nazi ikasimama. Dereva, Mgiriama wa makamo mwenye msalaba shingoni, akamtazama mama katika nguo zake nyeupe, akaelewa bila kuelezwa.

"Napita karibu na uwanja, mama. Panda mbele."

Fuadi akanivuta kando. "Yakhe, mama aende Makka kwa pikapu ya nazi? Mji mzima utanicheka! Ngojeni kidogo tu, litapoa."

Mama alikwisha kumsikia. "Na wacheke, babangu. Mimi sikunuia gari lako. Nimenuia nyumba ya Mola wangu."

Akapanda. Mimi nikakaa nyuma juu ya nazi, nimekumbatia sanduku lake, tukamwacha Fuadi na gari lake. Alhamdulillahi, ndege tuliiwahi. Dereva alikataa nauli, akaomba atajwe katika dua tu, na mama alimtaja hadi mwisho wa uhai wake.

Fundi alipoifungua rejeta aliikuta imezibwa kwa kutu na magamba ya chumvi, na feni nayo haizunguki. Ndiyo maana gari lilikuwa zima likikimbia, na mgonjwa likisimama. Fuadi akaweka rejeta nyingine na feni, akaacha maji ya kisima. Mama aliporudi, alimkuta anamngoja na gari lile lile.

"Limekunywa nini leo?" akamuuliza kabla ya kuketi.

"Maji matamu, Khalati, si ya kisima, na dawa yake ya kuzuia kutu."

Akacheka, akapanda. Gari hilo lilitumika miaka mingi baadaye bila kutuaibisha.

Basi, mwanangu, wengi watakwambia magari madogo ya mbio hayaaminiki. Usiwasikilize haraka. Ukitaka kununua, liache lingurume limesimama, uutazame mshale na uisikilize feni. Mkanda wa injini ubadilishe kabla haujakatika. Chini lioshe, kwani chumvi ya hewa yetu hula chuma kimyakimya. Na gari likikuonya, shukuru, maana onyo la mapema ni rehema. Usilifunike onyo hilo kwa ndoo ya maji. Kisha, likikuangusha siku ya haja kubwa, shuka, upande kilichopo, ufike unakokwenda.

Mola akupe kipando chema na jicho la kuona kasoro kabla ya madhara, akufikishe kila safari salama, na akurudishe kwa wakupendao. Amin.